Tangi Jipya na Klorini: Kiasi Gani Kinatosha?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Nakuru. Leo tutazungumza kuhusu klorini, ile dawa ya maji. Chukua kalamu na karatasi, kwa maana kuna vipimo vya kuandika. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, keti, tuzungumze.

Nianze na kisa. Mama mmoja alileta kliniki mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa akiharisha, na hiyo ilikuwa mara ya tatu katika muda wa miezi miwili. Macho yalikuwa yameingia ndani, mdomo umekauka, hana hata nguvu ya kulia. Tulimpa ORS kidogo kidogo kwa kijiko, na kufikia jioni akaanza kuchangamka. Nilipomuuliza mama kuhusu maji ya nyumbani, aliudhika kidogo. Akaniambia, "Sista, sisi hatunywi maji ya mtoni. Tulinunua tangi jipya la lita 1,000 kwa pesa za chama, na nililitia dawa mimi mwenyewe."

Siku mbili baadaye nilimtembelea nyumbani. Tangi lilikuwepo kweli, zuri, limewekwa juu ya msingi wa mawe. Nikamuuliza dawa aliitia lini. Akasema Februari, siku tangi lilipoletwa. Alimimina chupa nzima. Siku hiyo tulikuwa Mei. Tangi lilikuwa limejaa na kuisha mara nyingi, maji ya mfereji yakija na kukatika, na mvua ya paa ikiongezwa juu yake. Mama huyu aliamini kwamba tangi likishatiwa dawa limekingwa, kama mtoto anavyokingwa kwa chanjo ya surua.

Jirani yake alifanya kinyume. Yeye aliogopa kipindupindu, kwa hiyo alitia dawa ya kufulia ndani ya mtungi mpaka maji yakanuka kama nguo nyeupe zilizorowekwa. Watoto wake walikataa kuyanywa. Walikuwa wakitoka shule wanakwenda kunywa kwenye mfereji wa kazini kwa fundi wa baiskeli.

Mama hawa wawili wote walijali watoto wao, na wote walitumia klorini. Mmoja alitia kidogo mno, mwingine nyingi mno, na watoto wa nyumba zote mbili wakanywa maji ambayo hayakutibiwa. Kwa hiyo leo nataka tukubaliane jambo moja: klorini si chanjo. Inafanya kazi, inachoka, inaisha, na ni lazima ipimwe na kurudishwa.

KLORINI INAFANYA NINI?

Ndani ya maji yanayoonekana safi kabisa kunaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu. Jicho haliwezi kuviona. Klorini huvishambulia na kuviua. Mwaka 1908 mji wa Jersey City kule Marekani ulianza kutia klorini katika maji ya mji mzima kila siku, na miji mingine ikafuata. Hata maji ya mfereji yanayosambazwa hapa kwetu hutiwa klorini kabla ya kuingia kwenye mabomba.

Sasa utauliza, "Kama maji ya mfereji yametiwa dawa, kwa nini niyatie tena?" Sababu ni safari. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu. Kama lina ufa na limepita karibu na mtaro, uchafu huweza kuingia. Maji yakirudi, husukuma uchafu huo hadi kwako. Maji ya mkokoteni wa punda nayo hupita katika mipira na mitungi ambayo hujui imeoshwa lini. Na tangini, maji hukaa siku nyingi huku klorini yake ikipungua.

Wengine mnakumbuka kipindupindu kilichozuka nchini Oktoba 2022. Kaunti yetu ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa zilizopata wagonjwa mapema. Mnakumbuka pia mwaka 2020, maziwa ya Nakuru, Naivasha na Baringo yalipopanda hadi kwenye makazi ya watu, na vyoo vya shimo vikafunikwa na maji. Choo kikifurika, uchafu hufika kisimani. Katika nyakati kama hizo, klorini iliyopimwa vizuri hulinda nyumba nzima kwa shilingi chache.

KWA NINI KLORINI HUISHA?

Fikiria klorini kama askari waliotumwa ndani ya maji. Kila askari akikutana na kijidudu au uchafu, hupigana naye, na vita vikiisha yeye pia hayupo tena. Maji yakiwa safi, askari wengi hubaki wakilinda. Maji yakiwa na tope, majani au kinyesi cha ndege kutoka kwenye paa, askari wote humalizika kwa uchafu huo na vijidudu vinabaki salama.

Jua pia humaliza klorini. Tangi lisilo na mfuniko hupoteza dawa upesi. Joto huipunguza. Hata dawa yenyewe ikiwa bado chupani, ukiiweka dirishani kwenye jua au karibu na jiko, hupoteza nguvu. Ndiyo maana nasema angalia tarehe ya mwisho kabla ya kununua, na ukifika nyumbani uihifadhi mahali penye giza na ubaridi, mbali na watoto.

Kiasi tunachotaka ni kidogo sana. Tunatia takriban miligramu 2 za klorini kwa kila lita moja ya maji safi. Kwa lita 1,000, hizo ni gramu 2 tu, uzito wa theluthi moja hivi ya kijiko cha chai cha chumvi. Baada ya nusu saa, klorini iliyobaki isizidi miligramu 2 kwa lita. Na baada ya saa 24 bado ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, ili ilinde maji hayo mpaka kikombe cha mwisho. Ikishuka chini ya hapo, maji hayana mlinzi.

KUANDAA TANGI JIPYA

Tangi jipya si tangi safi. Limekaa dukani, limebebwa kwa lori, limeguswa na mikono mingi. Ndani lina vumbi na harufu ya plastiki. Fanya hivi kabla ya kulitumia, na ulirudie kila unapoliosha au likiingiwa na maji ya mafuriko.

Kwanza, lisugue ndani kwa brashi ya mpini mrefu, maji na sabuni, kisha ulisuuze. Simama nje. Usimtume mtoto aingie ndani ya tangi, na mtu yeyote asiingie ndani likiwa limetiwa dawa. Hewa ya klorini katika mahali palipofungika huweza kuua.

Pili, jaza maji hadi robo. Tia dawa ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato wala rangi, ile ambayo karatasi ya chupa inasema ina nguvu ya asilimia 3.5. Kipimo ni lita 1 na nusu za dawa hiyo kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi. Kisha jaza tangi lote, ufunike.

Tatu, fungua kila mfereji unaotoka kwenye tangi hadi unuse klorini, halafu ufunge. Kwa njia hii mabomba nayo yanapata dawa.

Nne, acha kwa saa 24. Funga mfereji kwa kitambaa na uwaambie wote nyumbani, wageni na wapangaji pia, kwamba maji hayo hayanywewi, hayapikiwi, na mtoto haogeshwi kwayo.

Tano, yatoe yote. Najua maji ni ghali na hutaki kumwaga lita 1,000. Yatumie kuosha choo, sakafu na mtaro. Usiyamwagie mboga wala kuyaacha yaende mtoni au kwenye bwawa la samaki. Kisha suuza tangi kwa maji safi, ulijaze upya, na ndipo lianze kazi.

Kama una shaka na kipimo, muulize afisa wa afya ya umma wa wadi yako au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako kabla hujamimina.

KIPIMO CHA MAJI YA KUNYWA

Hapa wengi hukosea, kwa hiyo twende polepole. Dawa ya kuosha tangi na dawa ya maji ya kunywa hazipimwi sawasawa.

Kwa kunywa, tumia dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hapa Kenya wengi wanaijua WaterGuard, ambayo ilianza kuuzwa nchini mwaka 2003. Kwa chupa ile ya mililita 150, kifuniko 1 hutibu mtungi wa lita 20 wa maji safi, na chupa moja hutosha mitungi 50, yaani lita 1,000. Kama unatumia vidonge, soma karatasi uone kidonge chako ni cha lita ngapi. Kuna vya lita 20 na vya vipimo vingine. Soma karatasi kila unapobadilisha aina ya dawa, kwa sababu nguvu ya dawa na ukubwa wa vifuniko hutofautiana.

Tia dawa, funga mtungi, utikise, ungoje nusu saa. Usiongeze muda wa kunywa kwa haraka ya mtoto anayelilia maji. Nusu saa hiyo ndiyo wakati dawa inafanya kazi.

"Lakini sista," utaniuliza, "si nitie chupa moja kwenye tangi zima la lita 1,000 nimalize kazi?" Unaweza, ikiwa tangi limejaa, maji ni safi, halipokei maji mengine, na mtayatumia kwa siku chache. Lakini matangi mengi ya Nakuru hayako hivyo. Leo yako nusu, kesho mfereji umekuja umejaza, kesho kutwa mvua imenyesha. Kila maji mapya yakiingia, dawa huzidi kuwa nyepesi na kazi huongezeka. Baada ya siku mbili hujui tena una klorini kiasi gani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tangi lisafishe na ulifunike vizuri, lakini maji ya kunywa yatibu katika mtungi wa lita 20, mtungi mmoja mmoja. Hapo unajua kipimo, unajua saa uliyotia dawa, na unajua yatakwisha lini. Andika saa kwa chaki ubavuni mwa mtungi. Maji yakikaa zaidi ya siku moja, tumia hayo kwa kufulia na utibu mengine.

Mtungi wenyewe uwe na mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye bomba. Ukiwa na ndoo ya mdomo mpana, mtoto atachovya kikombe na mkono pamoja, na kazi yote ya klorini itakuwa bure.

UTAJUAJE KAMA IMETOSHA?

Njia nzuri ni kupima. Kuna vifaa vidogo vya kupimia klorini. Unatia maji kwenye kichupa, unaongeza kidonge kidogo, na maji yanageuka rangi ya waridi. Waridi ikikolea, klorini ni nyingi. Maji yasipobadilika, hakuna klorini. Kifaa cha namna hii hutumiwa na maafisa wa afya ya umma na pia na watunzaji wa mabwawa ya kuogelea. Kikundi cha akina mama kinaweza kuchanga na kununua kimoja cha kutumia zamu kwa zamu.

Kama huna kifaa, tumia pua. Nusu saa baada ya kutia dawa, fungua mtungi unuse. Harufu hafifu ya klorini ni habari njema, maana yake askari wamebaki. Kama huisikii kabisa, huenda maji yalikuwa na uchafu mwingi au dawa ilikuwa imezeeka. Tia tena kipimo kile kile, ungoje nusu saa nyingine. Isiposikika hata baada ya hapo, maji hayo yachemshe, na utafute dawa mpya. Pua si kipimo kamili, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Harufu ikiwa kali, usiyamwage. Acha mtungi wazi kivulini kwa saa chache, ukiwa umefunikwa kwa kitambaa safi, au yamimine kutoka chombo safi hadi kingine mara kadhaa. Ladha itapungua. Mtoto akizoea ladha hafifu hatalalamika tena. Mtoto akilalamika, msikilize. Usimlazimishe akimbilie maji ya jirani.

MAJI YA BONDE LA UFA NA TABIA ZAKE

Maji ya kwetu yana mambo manne ambayo yatakusumbua usipoyajua.

Jambo la kwanza ni magadi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina maji yenye magadi, yale ambayo sabuni huteleza mkononi. Katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole. Ngoja saa 1 badala ya nusu saa.

La pili ni baridi. Ninyi mlioko Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok mnajua maji ya asubuhi yalivyo. Baridi nayo huchelewesha klorini. Ngoja saa 1. Ni rahisi ukitibu maji jioni, kwa sababu kufikia asubuhi yatakuwa tayari.

La tatu ni tope. Mvua za Machi hadi Mei zikija, mto huwa rangi ya chai ya maziwa. Usitie klorini kwenye tope. Acha maji yatulie usiku kucha, mimina ya juu polepole, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, halafu tia vifuniko 2 kwa lita 20. Maji yakibaki na ukungu hata baada ya kuchujwa, yachemshe, au utumie ile dawa ya unga ya pakiti ambayo hukusanya tope chini na kuua vijidudu kwa pamoja.

La nne ni floridi, na hapa nataka uwe makini. Maji mengi ya visima kuanzia Naivasha, Gilgil na Elementaita hadi Nakuru na Njoro yana floridi nyingi. Ndiyo inayofanya meno ya watoto wetu yawe na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kiwango kisichopaswa kuzidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Klorini haiondoi floridi. Kuchemsha pia hakuiondoi. Vichujio vya makaa ya mifupa huipunguza, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio hivyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990.

Maji ya mvua yana floridi kidogo sana. Kwa hiyo kama una tangi jipya, litumie kukinga mvua, na maji hayo uwawekee watoto wadogo ya kunywa na kupikia uji. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe paa kwanza, usiielekeze tangini. Halafu kumbuka kwamba maji ya mvua hayana klorini hata chembe. Ni wewe utakayeitia.

MASWALI YENU

Swali: Nimesikia kuna hoteli ambazo hutia chumvi kwenye bwawa la kuogelea badala ya klorini. Je, naweza kutia chumvi kwenye tangi langu?

Jibu: Hapana. Bwawa la namna hiyo lina klorini kama mengine. Tofauti ni kwamba lina mashine ya umeme ambayo huchukua maji ya chumvi na kutengeneza klorini kutokana na chumvi hiyo. Bila mashine, chumvi ni chumvi tu. Ukiitia tangini haiui vijidudu vya kuhara, na maji yenye chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Hata bwawa lenye mashine, hasa likiwa jipya, lazima lipimwe kila siku, kwa maana jua na waogeleaji huweza kumaliza klorini haraka kuliko mashine inavyotengeneza.

Swali: Naweza kutumia dawa ya bwawa la kuogelea kwa maji ya kunywa?

Jibu: Usitumie. Dawa nyingi za bwawa zina nguvu mara nyingi zaidi ya ile ya chupa, na baadhi zina viungo vingine ambavyo havikukusudiwa tumbo la binadamu. Dawa ya kufulia nayo ina nguvu karibu mara tatu ya ile ya kunywa. Kifuniko kimoja si sawa na kifuniko kimoja.

Swali: Mtoto wangu ana miezi mitatu. Nimpe maji yaliyotiwa klorini?

Jibu: Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote. Maziwa yako ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto. Maji yaliyotibiwa kunywa wewe, na ukaoshee mikono na vyombo.

Swali: Klorini huua kila kitu?

Jibu: Huua vijidudu vingi, lakini si vyote. Kuna kijidudu kimoja cha kuhara kinachoitwa kriptosporidia ambacho huivumilia. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu au mtoto mwenye utapiamlo, chemsha maji hadi yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, halafu uyatie klorini ili yasichafuke tena.

MTOTO AKIENDA KUOGELEA

Wakati wa sikukuu wengi wenu hupeleka watoto kwenye mabwawa ya hoteli, au shule huwapeleka. Ni furaha nzuri. Uliza klorini imepimwa lini siku hiyo. Mtunzaji mzuri atakuonyesha daftari bila kununa. Bwawa linahitaji angalau miligramu 1 kwa lita, na maji yawe maangavu hivi kwamba unaona sakafu ya upande wa kina kirefu. Usipoiona sakafu, mtoto asiingie. Mtoto akizama humo hutamwona.

Harufu kali ya bwawa na macho mekundu si dalili ya usafi. Mara nyingi ni klorini iliyokutana na mkojo na jasho la waogeleaji. Mpeleke mtoto chooni na umwogeshe kabla hajaingia. Mwambie asimeze maji. Mtoto anayeharisha asiingie bwawani, na kama daktari amesema ana kriptosporidia, angoje wiki 2 baada ya kupona. Na muda wote kaa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

TAHADHARI NA CHUPA

Usiweke klorini kwenye chupa ya soda. Kila mwaka watoto huumia kwa kudhani ni kinywaji. Usichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine yoyote ya kusafishia choo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Mtoto akimeza dawa, usimtapishe. Msuuze mdomo, mpe maji kidogo anywe polepole, ubebe chupa yenyewe na umkimbize hospitalini.

MTOTO AKISHAANZA KUHARISHA

Klorini ni ya kuzuia. Kuhara kukishaanza, mpe ORS kila anapoharisha, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umpeleke kituo cha afya apewe zinki. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, kwa hiyo usiikatishe. Kimbia hospitalini mara moja ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, au anaharisha maji mengi kama ya kuoshea mchele.

KUMBUKA

1. Tangi jipya lisugue na ulitie dawa kwa saa 24 kabla ya kulitumia.
2. Maji ya kunywa yatibu kwa mtungi wa lita 20: kifuniko 1 kwa maji safi, 2 kwa maji yenye ukungu yaliyochujwa.
3. Ngoja nusu saa. Kwa maji ya magadi au ya baridi, ngoja saa 1.
4. Nusa au pima. Harufu hafifu ni nzuri. Bila harufu, rudia. Kali mno, acha yapumue.
5. Baada ya siku moja, tibu mengine.

Yule mama wa kisa changu sasa ana mitungi miwili jikoni, mmoja unanywewa na mwingine unangoja, na saa imeandikwa kwa chaki ubavuni. Jirani yake alikuja kuomba kifuniko cha kupimia, na watoto wake hawaendi tena kwa fundi wa baiskeli kutafuta maji. Nilipopita mara ya mwisho, yule mdogo alinionyesha mtungi kwa kidole akasema, "Bado." Mama akacheka, akaniambia zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Ukimaliza kusoma ukurasa huu, inuka uangalie chupa yako ya dawa ya maji. Soma tarehe. Kisha fungua mtungi unuse.